Wiki mbili za Freddy Adu: hukumu ya watu wasiokuwapo

Ndugu msomaji, kila Ijumaa baada ya sala, watu wanapotoka msikitini na kupeana mikono, mazungumzo ya barazani huanza kwa kujuliana hali, yakapitia bei ya unga na sukari, na kabla kahawa haijapoa yakawa yamekwisha kufika kwenye mpira. Hilo si ajabu wala si aibu. Mpira umekuwa lugha ambayo mzee na kijana, tajiri na mchukuzi, huweza kuzungumza pamoja bila ya mkalimani.

Lakini liko jambo moja katika mazungumzo hayo linalostahili kutazamwa kwa utulivu, nalo ni namna tunavyomzungumzia kijana mdogo aliyevuma kwa uhodari, anapoitwa kwenda kufanya majaribio katika klabu kubwa ya Ulaya. Siku anayopanda ndege huwa ni mwana wetu sote. Siku anayorudi bila mkataba huwa ni mwana wa watu, na walewale waliomsindikiza kwa shangwe humpokea kwa kicheko. Katika makala haya tutaizingatia hali hiyo kwa kumtazama kijana mmoja ambaye dunia nzima ilimshuhudia, kisha tutarudi nyumbani tujitazame wenyewe.

Kijana huyo ni Freddy Adu.

Mtoto wa Tema

Adu alizaliwa tarehe 2 Juni 1989 katika mji wa bandari wa Tema, nchini Ghana. Mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka minane, alihamia Marekani pamoja na familia yake baada ya mama yake kushinda bahati nasibu ya vibali vya ukaazi ambayo nchi hiyo ilikuwa ikiiendesha kila mwaka. Walikaa katika jimbo la Maryland, karibu na mji mkuu wa Washington. Mama akafanya kazi kwa bidii usiku na mchana, na mtoto akacheza mpira na watoto waliomzidi umri, akawapita.

Alipokuwa na miaka 10 tu, klabu ya Inter Milan ya Italia ilimtaka na kuahidi fedha nyingi. Mama yake akakataa, kwa kuona kwamba mtoto wa umri huo mahali pake ni shuleni na nyumbani. Tuikumbuke hekima hiyo, maana ni miongoni mwa maamuzi machache katika kisa hiki yaliyofanywa kwa kumtazama mtoto mwenyewe, si kwa kutazama atakachowaletea watu wengine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2003 kampuni ya viatu na mavazi ya michezo ya Nike ilimpa mkataba wa dola milioni moja. Januari 2004 alichaguliwa wa kwanza kabisa katika mgawanyo wa wachezaji wapya wa Ligi Kuu ya Marekani, akaenda D.C. United. Tarehe 3 Aprili 2004 aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 14 na siku 306. Mwaka huohuo alionekana katika tangazo la kinywaji baridi pamoja na Pelé mwenyewe. Watu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili maana ya picha ile. Mfalme ameketi na mrithi wake.

Hapa inafaa tuulize: kwa nini haraka yote hiyo? Jibu halimo katika miguu ya mtoto peke yake. Ligi ya Marekani ilianza mwaka 1996, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ilizifunga klabu zake mbili za jimbo la Florida, nayo ikabaki na klabu 10 tu. Ligi iliyokuwa ikitafuta pumzi ilihitaji uso wa kuubandika ukutani, na uso wa mtoto mwenye tabasamu, aliyetoka Afrika akainuliwa Marekani, ulikuwa ni uso uliofaa kuliko wote. D.C. United ilipokwenda ugenini, watu walijaa viwanjani kumtazama. Kwa hiyo kabla mtoto hajathibitisha kuwa ni mchezaji, alikuwa amekwisha kuwa bidhaa.

Mchezaji naye alikuwaje? Alikuwa na kipaji, hakuna shaka. Guu lake la kushoto lilikuwa jepesi, na jicho lake liliona pasi ambazo wengine hawakuziona. Lakini katika misimu mitatu aliifungia D.C. United mabao 11 ya ligi, na katika msimu wa 2006 alifunga mawili tu. Mwaka 2005 alilalamika hadharani kwamba hapewi muda wa kutosha uwanjani, na klabu ikamsimamisha. Kwa kijana wa miaka 16 au 17 hesabu hiyo si mbaya hata kidogo. Vijana wengi wa umri huo huwa bado hawajagusa mpira wa watu wazima. Lakini kwa mtu aliyetangazwa kuwa ni mrithi wa Pelé, ilionekana kama ni deni ambalo halijalipwa.

Wiki mbili nyuma ya uzio

Mnamo Novemba 2006, msimu wa Marekani ulipokwisha, Manchester United ya Uingereza ilimwalika Adu kwa majaribio ya wiki mbili. Alikuwa na miaka 17. Klabu ilikuwa chini ya Sir Alex Ferguson, na katika kikosi chake walikuwamo Wayne Rooney na Cristiano Ronaldo, vijana wa miaka 21 ambao walikuwa wakielekea kutwaa ubingwa wa Uingereza msimu huo.

Habari ilipotoka, mashabiki waligawanyika makundi matatu, na kila kundi lilikuwa na uhakika.

Kundi la kwanza lilimvika kijana taji. Hawa wengi wao walikuwa Wamarekani, ambao kwao mchezo huu ulikuwa bado unadharauliwa mbele ya michezo yao mingine, nao walitamani siku moja mtu wao asimame katika uwanja wa Old Trafford na kuwanyamazisha Waingereza. Kwao wiki mbili zile hazikuwa majaribio. Zilikuwa ni harusi ambayo kilichobaki ni kutangazwa mahari.

Kundi la pili lilimdharau. Waliuliza, kijana aliyefunga mabao mawili katika ligi ya Marekani atamwondoa nani, Rooney au Ronaldo? Wakadai kwamba klabu inataka tu kuuza jezi ng'ambo ya bahari. Hoja hiyo haikuwa bila mantiki, maana klabu kubwa hutazama soko kama wafanyabiashara wengine. Lakini ilimfanya kijana kuwa mshitakiwa katika kesi ya biashara ambayo hakuifungua yeye.

Kundi la tatu lilikwenda mbali zaidi, likaushuku umri wake. Likasema mtoto wa miaka 14 hawezi kuwa na mwili ule na akili ile uwanjani, na kwamba Waafrika ndivyo walivyo. Tukiri kwa insafu kwamba udanganyifu wa umri umekuwapo katika soka la vijana, nasi hatuwezi kujitoa. Tanzania yenyewe iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 baada ya kufuzu, kwa sababu ya umri wa mchezaji. Lakini kosa lililothibitishwa kwa mtu mmoja haliwi ushahidi dhidi ya mwingine. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba dhana mbaya ni mzigo kwa mwenye kuibeba, na kwamba mwenye kudai ndiye anayedaiwa ushahidi. Adu aliandamwa na shaka hiyo kwa miaka mingi, na waliomshuku hawakuleta chochote cha kuithibitisha.

Sasa tazama jambo la ajabu, ndugu msomaji. Makundi hayo matatu yalitofautiana katika kila kitu ila kimoja: hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyemwona kijana akicheza katika majaribio hayo. Adu hakucheza mechi yoyote Manchester. Hakuwa na kibali cha kazi, kwa hiyo hakuruhusiwa kuvaa jezi ya klabu hata katika mechi za kikosi cha akiba. Alifanya mazoezi tu, katika viwanja vya Carrington, nyuma ya uzio, mbele ya makocha na wachezaji wenzake. Pasi alizopiga na alizopoteza walizijua watu wachache mno. Lakini waliotoa hukumu walikuwa maelfu kwa maelfu.

Mlango uliofungwa kabla ya kubishwa

Kuna jambo jingine ambalo shabiki wa kawaida hakulitia maanani, nalo ndilo kubwa zaidi. Hata kama Ferguson angelimpenda kijana yule kuliko mwanawe wa kumzaa, asingeweza kumsajili palepale.

Kwanza, kanuni za shirikisho la soka duniani, FIFA, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache maalumu, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Adu alikuwa na miaka 17 na miezi mitano. Pili, kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, mchezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya alitakiwa awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyotangulia, na timu hiyo iwe miongoni mwa 70 za juu katika orodha ya FIFA. Marekani ilikuwamo katika hizo 70 bila shida. Lakini Adu alikuwa amechezea timu ya wakubwa mechi moja tu, ya kirafiki, dhidi ya Kanada, Januari 2006. Klabu iliweza kukata rufaa mbele ya jopo na kudai kwamba kipaji cha mchezaji si cha kawaida, lakini hiyo ni njia nyembamba.

Maana yake ni kwamba wiki mbili zile hazikuwa mtihani wa kufaulu au kufeli. Zilikuwa ni kuonana tu. Klabu ilitaka kumjua kijana, na kijana alitaka kuijua klabu, ili siku za mbele kama kuna la kusemwa lisemwe. Makocha walilijua hilo, na viongozi wa ligi walilijua. Asiyelijua ni shabiki, na kwa kuwa hakulijua, Adu aliporudi Marekani bila mkataba, neno moja lilienea kuliko yote: ameshindwa.

Desemba 2006 aliuzwa kwa klabu ya Real Salt Lake. Kiangazi cha mwaka 2007 aliiongoza timu ya vijana ya Marekani katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 nchini Kanada akiwa nahodha, akaifunga Poland mabao matatu katika mechi moja, na timu yake ikawashinda Wabrazili 2-1. Kisha akanunuliwa na Benfica ya Ureno, ambako alicheza mechi chache. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ni ya begi mkononi: Monaco, Belenenses, Aris ya Ugiriki, Rizespor ya Uturuki, Philadelphia, Bahia ya Brazil, Jagodina ya Serbia, KuPS ya Finland, Tampa Bay, Las Vegas, na mwisho klabu ndogo ya Sweden aliyojiunga nayo mwaka 2020 na kuachana nayo mapema mwaka 2021. Timu ya taifa ya wakubwa aliichezea mechi 17. Ya mwisho ilikuwa mwaka 2011, akiwa na miaka 22, umri ambao wenzake wengi ndio kwanza wanaanza.

Je, tuseme kwamba mashabiki ndio waliomharibu? La, hiyo itakuwa ni hukumu nyingine ya watu wasiokuwapo. Adu mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, amewahi kukiri hadharani kwamba alitegemea mno kipaji, na kwamba waliokuwa na kipaji kidogo kuliko yeye walimpita kwa kazi. Ukiri huo ni wa kiungwana. Lakini tuulize tena: ni nani aliyemfundisha mtoto wa miaka 14 kwamba amekwisha kufika? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyo mgema ni mtu mzima mwenye kisu chake na mnazi wake. Itakuwaje kwa mtoto ambaye hata kuupanda mnazi ndiyo kwanza anajifunza?

Sifa iliyotangulia kazi ilimnyima Adu kitu ambacho kila mwanafunzi anakihitaji, nacho ni ruhusa ya kukosea bila kutazamwa. Kejeli iliyofuata nayo ilimnyima kitu hichohicho. Kwa hiyo anayemsifu mtoto kupita kiasi na anayemkejeli si mahasimu kama wanavyodhani. Wote wawili wamekataa kumwona kuwa ni mwanafunzi.

Majaribio yasiyokuwa na mashahidi

Msomaji anaweza kupinga akasema: mbona wapo watoto waliosifiwa mapema na sifa ikawa kweli? Wapo. Pelé alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 akiwa na miaka 17. Lamine Yamal wa Hispania alicheza fainali ya Ulaya Julai 2024 siku moja tu baada ya kutimiza miaka 17, na timu yake ikashinda. Kipaji cha mapema ni neema, hakuna anayekikana. Swali letu si kama kipo. Swali letu ni namna kinavyolindwa.

Tulinganishe na majaribio mengine. Septemba 2000, mtoto wa miaka 13 kutoka mji wa Rosario, Argentina, alifika Barcelona na baba yake. Alikuwa mfupi mno, na alikuwa akitibiwa kwa sindano ili akue. Walikaa wakisubiri, kwa sababu mkurugenzi wa ufundi, Carles Rexach, alikuwa safarini Australia wakati wa michezo ya Olimpiki. Aliporudi akamtazama mtoto kwa dakika chache akaridhika. Hata hivyo klabu ilisitasita, hadi tarehe 14 Desemba 2000 Rexach alipoandika ahadi ya mkataba juu ya kikaratasi cha kufutia mikono mezani. Mtoto huyo ni Lionel Messi. Kikaratasi kile kiliuzwa kwa mnada Mei 2024 kwa pauni 762,400.

Zingatia kwamba siku zile kikaratasi hicho hakikuwa na thamani ya senti moja kwa mtu yeyote wa nje. Hakukuwa na makundi matatu. Hakuna aliyemvika taji Messi, wala aliyemcheka kwa ufupi wake isipokuwa waliomwona kwa macho. Kisha akapewa karibu miaka minne ya kujifunza kabla ya kuingia katika ligi kuu ya Hispania Oktoba 2004. Hatusemi kwamba kimya ndicho kilichomfanya Messi kuwa Messi, wala kwamba Adu angelikuwa Messi kama watu wangelinyamaza. Vipaji havilingani. Tunachosema ni kwamba mmoja alijaribiwa na makocha peke yao, na mwingine alijaribiwa na dunia.

Na huko Manchester kwenyewe Ferguson alikuwa akiijua siri hiyo. Ryan Giggs alipoanza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 1991 akiwa na miaka 17, Ferguson alimzuia kuzungumza na waandishi wa habari mpaka alipokaribia miaka 20. Wako walioona kwamba ni ukali. Giggs aliichezea klabu hiyo mechi 963.

Na sisi je?

Sasa turudi barazani kwetu, maana kisa cha jirani ni kioo. Mwaka 2009, Mrisho Ngassa, winga wa Yanga na wa Taifa Stars, alikwenda London kufanya majaribio katika klabu ya West Ham United. Ngassa alizaliwa Mei 1989, mwezi mmoja tu kabla ya Adu. Nchi nzima ilijua habari yake. Hata wa Simba, ambao kwa kawaida hawawezi kumwombea dua njema mtu wa Yanga, safari hii walisema ni mtoto wa Tanzania.

Aliporudi bila mkataba, mnajua mazungumzo yalivyogeuka. Wako waliosema mwili wake ni mwembamba, wako waliosema hakujituma, na wako waliosema kwamba walijua tangu mwanzo. Lakini ni wangapi barazani waliouliza kuhusu ile kanuni ya Uingereza? Mwaka 2009 Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi 70 za juu za FIFA. Ngassa hata angelikuwa amecheza kila dakika ya kila mechi ya taifa, mlango wa kawaida ulikuwa umefungwa kwa sababu ya nafasi ya nchi yake, si kwa sababu ya miguu yake. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya lawama tuliyomtwika ilikuwa ni yetu sote: ya soka la vijana ambalo hatukulijenga na ya timu ya taifa ambayo hatukuipandisha. Tulimtuma mtoto mmoja akalipe deni la ukoo mzima, kisha tukamcheka kwa kurudi mikono mitupu.

Ngassa hakufa moyo. Msimu wa 2010/2011, akiwa na Azam, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Bara. Katikati ya mwaka 2011 alikwenda Marekani kwa majaribio katika klabu ya Seattle Sounders, na huko akaingia uwanjani katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United, ileile ambayo Adu hakuwahi kuivalia jezi. Seattle ilifungwa 7-0. Mkataba haukupatikana, naye akarudi kucheza nyumbani, na baadaye Afrika Kusini na Oman. Leo jina lake limo miongoni mwa majina makubwa ya historia ya Taifa Stars. Huyo si mtu aliyeshindwa. Ni mtu aliyepimwa kwa mizani isiyokuwa yake.

Yupo pia Mbwana Samatta, ambaye njia yake inafundisha jambo jingine. Hakuruka kutoka Mbagala hadi Ligi Kuu ya Uingereza kwa wiki mbili. Alipita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, akawa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2019, ndipo Aston Villa ikamchukua Januari 2020 akiwa na miaka 27. Akafunga bao katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na bao jingine katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mashabiki wa Tanzania waliifurika klabu hiyo kwa salamu. Lakini miezi minane baada ya kuwasili, alipopelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, baraza lilekuwa limekwisha kuanza kusema kwamba Ulaya imemshinda. Mtu aliyepanda ngazi kwa miaka tisa, sisi tulitaka tumshushe kwa msimu mmoja.

Adabu ya mtazamaji

Nini basi kifanyike? Hatuwezi kumwambia shabiki asishangilie. Mpira bila shangwe ni kama arusi bila vigelegele. Lakini kila jambo lina adabu yake, na kutazama nako kuna adabu.

Adabu ya kwanza ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Kijana anapokwenda majaribio, tuulize: ana umri gani? Kanuni za nchi ile zinamruhusu kusajiliwa? Ameitwa na klabu yenyewe au amepelekwa na wakala anayetafuta riziki yake? Amepangiwa kucheza mechi au kufanya mazoezi tu? Majibu ya maswali hayo manne yanatosha kutuepusha na nusu ya maneno tunayoyajutia.

Adabu ya pili ni ya wazazi na walezi. Mama yule wa Maryland aliyekataa fedha za Milan hakuwa mjuzi wa soka, lakini alijua kwamba mtoto ni amana na si mtaji. Wakala atakuja, na mwandishi atakuja, na kamera itakuja. Mzazi ndiye mlinzi wa mlango.

Adabu ya tatu ni yetu sisi tunaoandika magazetini. Tunapompa mtoto wa miaka 15 jina la Pelé mpya au Messi mpya, tunauza gazeti la siku moja kwa kumkopea yeye deni la maisha. Ghana peke yake ilikuwa imekwisha kuonja hayo kabla ya Adu. Nii Lamptey, mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 1991, naye aliitwa mrithi wa Pelé, naye akahangaishwa kutoka klabu hadi klabu. Hatukujifunza kwa wa kwanza, tukalirudia jina lilelile kwa wa pili.

Adabu ya nne, na ndiyo ngumu zaidi, ni ya siku ya kurudi. Siku ya kwenda kila mtu anajua la kusema. Siku ya kurudi ndipo ulimi unapojulikana. Kijana akirudi bila mkataba, na awakute watu walewale uwanja wa ndege. Aambiwe karibu nyumbani, mazoezi ni Jumatatu.

Ndugu msomaji, kila msimu kuna kijana mwingine. Wakati unasoma makala haya, yuko mmoja mahali fulani, Temeke au Tanga, Mombasa au Bujumbura, ambaye video ya chenga zake inazunguka kutoka simu hadi simu, na jina kubwa limekwisha kutafutwa la kumbandika. Hajui bado kwamba anajaribiwa. Nasi hatujui bado kwamba tunajaribiwa pamoja naye, na mtihani wetu ni mwepesi kuliko wake. Yeye anatakiwa aweze kucheza mbele ya watu wengi, na sisi tunatakiwa tu tuweze kungoja tuone kwanza.